Neno kasino limetoka wapi?

SWALI: Mimi ni mwongoza watalii huku Kiwengwa, Unguja, na wageni wangu wengi ni Waitaliano. Hivi karibuni mgeni mmoja aliniuliza mahali pa kucheza ruleti jioni, nami nikamjibu kwa Kiitaliano changu cha kuokoteza kwamba kasino ziko Dar es Salaam, hapa kijijini hakuna. Wenzake wakaangua kicheko na mkewe akainamisha uso. Dereva wetu alinieleza baadaye kwamba neno hilo ni tusi kwao, ilhali mwalimu wangu wa zamani alitufundisha kwamba linatokana na keshi, yaani fedha taslimu. Naomba kujua maana yake halisi, lilikotoka, na namna ya kuliandika katika Kiswahili.

JIBU: Ndugu yangu, nianze na lile linalokuhusu kazini. Neno kasino halitokani na keshi. Asili yake ni Kiitaliano, ambako maana yake ya kwanza ni kijumba, na kwa muda mrefu halikuhusu kamari hata kidogo. Wageni wako hawakucheka kwa kuwa umetaja neno wasilolijua. Walicheka kwa kuwa wanalijua sana, nawe ulilitamka kwa mkazo wa Kiswahili, na mkazo huo ndio uliobadilisha maana.

Kiswahili, kama unavyojua, huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ki-TA-bu, ba-HA-ri, na vivyo hivyo ka-SI-no. Kwa sikio la Mwitaliano, casino lenye mkazo kwenye "si" ni danguro, na katika mazungumzo ya kila siku ni vurugu, fujo, mambo yaliyovurugika. Mahali pa kuchezea kamari panaitwa casinò, mkazo ukiwa kwenye silabi ya mwisho, na kwa maandishi huwekwa alama juu ya "o" ili msomaji asikosee. Sisi wenyewe tunayo maneno machache ya namna hii: barabara ipitayo magari ina mkazo kwenye silabi ya tatu, na kazi iliyofanywa barabara ina mkazo kwenye silabi ya pili, na mgeni akiyachanganya tunamwelewa huku tukitabasamu. Kwa hiyo dereva wako amekuza kidogo. Casino si tusi la kumtukania mtu. Ni neno la mitaani ambalo mtu hulitumia nyumbani bila kuona aibu, kwani hata mzazi akikuta chumba cha watoto kimepinduliwa atasema "Che casino!", yaani "Fujo gani hii!", na hakuna atakayekasirika. Hata hivyo, wewe ulikuwa unajibu swali la mahali pa kwenda jioni, ukawaambia kwamba madanguro yako Dar es Salaam, na mbele ya mke wa mtu jibu hilo lazima lizue kicheko. Siku nyingine ipeleke sauti mwishoni, "ka-si-NO", na katika ratiba unazowaandikia usiiache ile alama.

Sasa tuangalie imekuwaje neno moja likazaa maana mbili zilizo mbali hivyo. Shina lake ni neno la Kilatini casa. Katika Kilatini cha kale neno hili halikuwa na hadhi kubwa: lilitaja kibanda cha mkulima au cha mchungaji, na nyumba ya mtu mwenye nafasi mjini iliitwa domus. Kilatini cha watu wa kawaida kilipozidi kubadilika hadi kuzaa lugha nyingine, domus lilififia na casa likapanda cheo, likawa nyumba yoyote katika Kiitaliano, Kihispania na Kireno. Ni casa hilohilo lililomo katika jina la mji wa Casablanca, nyumba nyeupe. Wafaransa walilipunguza mpaka likabaki chez, neno linalofanya kazi ileile ya "kwa" yetu tunaposema "kwa Juma" au "kwa fundi". Wasemaji wa Kiswahili wa Lubumbashi na Bujumbura hulisikia kila siku, na wachache watalidhania kuwa ni ndugu wa kasino.

Kiambishi -ino cha Kiitaliano hudogosha, kama ki- yetu inavyodogosha. Casa ni nyumba, casino ni kijumba. Hata hivyo, hakikuwa kijumba cha maskini. Tangu karne ya 16 matajiri na wakuu wa Kanisa nchini Italia walijenga ndani ya bustani za majumba yao nyumba ndogo za mapumziko, zilizonakshiwa kwa ustadi, ambamo mwenye mali alikwenda kukaa na marafiki wachache, kula, kusikiliza muziki, kuzungumza mambo ya elimu na kukimbia shughuli za nyumba kubwa. Katika bustani za Vatikani ipo hadi leo nyumba ya namna hiyo iliyosanifiwa na Pirro Ligorio na kukamilika katika enzi ya Papa Pius wa Nne, mwaka 1562. Inaitwa Casina Pio IV, jina likiwa katika umbo la kike la neno lilelile, na ndiyo makao ya Chuo cha Kipapa cha Sayansi. Mtindo huo ulivuka mipaka ya Italia. Huko Dublin, Ireland, lipo jengo dogo la mawe lililosanifiwa na William Chambers katika karne ya 18 kwa ajili ya James Caulfeild, Lodi wa Charlemont, na linaitwa Casino Marino. Anayekwenda huko akitafuta ruleti atarudi mikono mitupu, kwa sababu jina lake limebaki na maana ya zamani.

Kamari iliingia kwa mlango wa Venezia. Watu wa tabaka la juu wa mji huo waliishi katika majumba makubwa yaliyotawaliwa na itifaki, na wengi wakawa wanapanga vyumba viwili vitatu karibu na uwanja wa San Marco ili wapate pa kupumzikia. Vyumba hivyo viliitwa casini, wingi wa casino. Ndani yake walikunywa kahawa, walibishana siasa, walikutana na wapenzi wao na walicheza karata. Kimoja, Casino Venier, kimehifadhiwa na kinaweza kuonwa: kwenye sakafu kuna kipande cha marumaru kinachoinuliwa, na chini yake tundu la kuchungulia, ili aliye juu amwone anayesimama mlangoni kabla ya kuamua kumfungulia. Nadhani tundu lile linaeleza neno hili vizuri kuliko kamusi nyingi. Kilichouzwa na casino tangu mwanzo ni faragha, nafasi ya kufanya mambo yako mbali na macho ya watu.

Serikali ya Venezia ilipoona kamari imeenea kila kona na haizuiliki, mwaka 1638 iliamua kuifungulia nyumba rasmi katika jumba la Dandolo, mtaa wa San Moisè, ili mchezo uwe chini ya uangalizi na hazina ipate chake. Watu hupenda kuitaja nyumba hiyo kuwa kasino ya kwanza ya Ulaya, na kwa maana ya kazi iliyofanya wana haki, maana ilifunguliwa kwa sheria na kupokea umma. Lakini jina lake halikuwa casino. Iliitwa Ridotto, neno lenye maana ya mahali palipotengwa pa kukutania. Mchezaji alitakiwa avae barakoa, na waliosimamia meza za karata walikuwa watu wa ukoo bora, aghalabu wale ambao mali za koo zao zilikuwa zimekwisha. Mwaka 1774 Ridotto ilifungwa baada ya viongozi wa mji kuona jinsi ilivyokuwa ikifilisi familia, na wachezaji hawakuacha kucheza. Walirudi kwenye casini za faragha, na hapo jina la kijumba cha mapumziko likazidi kunata kwenye meza ya kamari.

Maana ya danguro ilizaliwa humohumo. Nyumba ndogo, iliyojitenga, yenye mlango unaofunguliwa kwa kuchagua, ilifaa kwa biashara nyingine ya siri, na Waitaliano wakaanza kuiita casino bila kuhitaji neno la wazi zaidi. Nyumba hizo zilipata kuwa halali chini ya usimamizi wa dola hadi mwaka 1958, zilipofungwa kwa sheria iliyopiganiwa na seneta Lina Merlin, na hadi leo Waitaliano huiita sheria hiyo kwa jina lake. Kutoka danguro, neno likapata maana ya kelele na vurugu, njia ambayo si ya ajabu: Kifaransa kina bordel, na Kiitaliano kina bordello, na yote mawili yanataja danguro na pia fujo.

Huenda sasa unajiuliza, kama Waitaliano waliliacha neno hili kwenye danguro, kamari imelirudishaje? Imelirudisha kwa kupitia Ufaransa. Wafaransa walilichukua neno, wakalitamka kwa desturi yao ya kuelemea silabi ya mwisho, na wakalipa majengo ya starehe yaliyojengwa katika miji ya pwani na miji yenye chemchemi za maji ya tiba. Ndani ya jengo la namna hiyo kulikuwa na ukumbi wa dansi, jukwaa la waimbaji, mgahawa na chumba cha kusomea magazeti. Nyumba za kamari za Paris zilifungwa kwa sheria mwishoni mwa mwaka 1837, na waliozoea kucheza wakawa wanasafiri kwenda kwenye miji hiyo ya mapumziko au kuvuka mpaka. Wajerumani nao walipopiga marufuku mwishoni mwa mwaka 1872, miji yao mashuhuri kama Baden-Baden na Bad Homburg ilipoteza wateja, na aliyefaidika ni Monaco.

Monaco inastahili maneno mengi zaidi, kwa sababu ndiyo iliyoiambia dunia nzima kwamba casino ni kamari. Mtawala wake, Charles wa Tatu, alikuwa na nchi ndogo isiyo na mapato. Mwaka 1863 biashara ya michezo ilikabidhiwa kwa François Blanc, mtu aliyekuwa amekwisha kuifanya Homburg ijulikane kote Ulaya. Mahali palipochaguliwa palikuwa ni eneo la miamba lililoitwa Les Spélugues, yaani Mapango, jina ambalo halikufaa kuvutia matajiri, na mwaka 1866 likabadilishwa likawa Monte Carlo, mlima wa Charles. Itazame pia kampuni iliyoendesha biashara hiyo. Ilijiita Kampuni ya Kuogea Baharini na ya Klabu ya Wageni ya Monaco, na hadi leo bado hujulikana kama Kampuni ya Kuogea Baharini. Katika jina lote hilo hakuna mchezo, hakuna karata wala dau. Hata raia wa Monaco wenyewe walikatazwa kucheza, kwa kuwa fedha iliyotakiwa ilikuwa ya mgeni. Hapa ndipo naona siri ya neno tunalolizungumzia: kila mara kamari ilipohitaji kukubalika mbele ya watu wa heshima, ilitafuta jina la jambo lingine ikajifunika nalo, na casino, kijumba cha kupumzikia, ndilo lililoifaa kuliko mengine yote.

Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1907 iliruhusu kamari katika casino za miji ya pwani, ya maji ya tiba na ya hali ya hewa nzuri, na hadi leo kwa taratibu za nchi hiyo jengo haliwi casino bila kuwa na mambo matatu pamoja: maonyesho ya jukwaani, chakula na kamari. Hata kabla ya sheria hiyo, Waitaliano walikuwa wameona majengo ya namna hiyo kwa jirani yao na kuyaleta kwao, mathalani katika mji wa Sanremo uliofungua jengo lake mwaka 1905, na neno likarudi nyumbani likiwa na mkazo wa Kifaransa. Hivyo ndivyo casino na casinò yalivyokuja kuishi pamoja katika lugha moja.

Nchi nyingine hazikulifuata neno hadi kwenye kamari, na mfasiri asiyejua hilo atapotoka vibaya. Mhispania akisema anakwenda casino, huenda anakwenda kwenye klabu ya wanachama, kama Casino de Madrid iliyoanzishwa mwaka 1836. Kwa Mjerumani, Kasino huweza kuwa mesi ya maofisa wa jeshi. Katika mji wa Newport nchini Marekani lilifunguliwa mwaka 1880 jengo la starehe liitwalo Newport Casino, na mwaka uliofuata ndilo lililoandaa mashindano ya kwanza ya kitaifa ya tenisi ya nchi hiyo. Sasa ni makumbusho ya mchezo huo. Duka kubwa la vyakula liitwalo Casino, ambalo Wafaransa na watu wengi wa Afrika ya Kifaransa wanalijua, lilianzishwa na Geoffroy Guichard mwaka 1898 katika mji wa Saint-Étienne, nalo lilipata jina lake kwa sababu duka la kwanza lilikuwa katika jengo ambalo zamani lilikuwa ukumbi wa muziki. Jimbo la Nevada lilihalalisha kamari mwaka 1931, na Las Vegas ikaichukua maana ya Monte Carlo na kuitangaza kwa taa. Maana hiyo ndiyo iliyotufikia sisi kupitia Kiingereza.

Nije kwa mwalimu wako. Kosa lake linaeleweka, kwa sababu maneno haya yanafanana kwa sauti na fedha ni nyingi mahali hapo. Keshi tumelipata kutoka Kiingereza, nacho kililipata kutoka neno la Kifaransa caisse au la Kiitaliano cassa, yaani sanduku, na hasa sanduku la fedha. Baadaye jina la sanduku likawa jina la kilichomo. Yote hayo yanarudi kwenye Kilatini capsa, sanduku. Kireno nacho kina caixa kutoka mzizi huohuo, na kutoka huko sisi tukapata kasha. Kwa hiyo keshi analo jamaa yake katika Kiswahili, ila jamaa huyo ni kasha. Casa la nyumba na capsa la sanduku ni koo mbili tofauti tangu Roma ya kale.

Kireno kilitupa mengi zaidi kwenye meza hiyo. Karata ni neno la Kireno, na karibu majina yote tunayoyatumia tukiwa barazani, kopa, uru, shupaza, pau, yametoka huko, karne nyingi kabla ya mtu yeyote wa pwani hii kusikia habari za kasino. Tendo lenyewe la kuwekeana fedha tulikuwa na jina lake: kamari, kutoka Kiarabu qimar. Qurani Tukufu, katika Sura za Al-Baqara na Al-Maida, inatumia neno jingine, maysir, ambalo kwa Waarabu wa zamani lilikuwa mchezo wa kugawana nyama ya ngamia kwa kutoa mishale, na wafasiri wetu wakatumia kamari. Ndiyo maana neno hili la Kiswahili lina uzito wa hukumu ndani yake. Anayesema "fulani anacheza kamari" hajataja burudani. Ametaja jambo ambalo wazee watamwita wamwonye.

Sheria zetu zinajua uzito huo. Tanzania Bara ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi inayoitwa kwa jina hilo, na chini ya "michezo ya kubahatisha" zimewekwa bahati nasibu, kubeti, mashine za sloti na kasino. Sina ugomvi na istilahi hiyo, kwani sheria inahitaji neno linalojumuisha mambo mengi bila kutoa hukumu. Lakini mwandishi wa habari anayeeleza jinsi kijana alivyopoteza ada ya chuo mezani, akachagua kuandika "michezo ya kubahatisha" pale ambapo msomaji wake angesema kamari, anafanya kazi ileile iliyofanywa na Kampuni ya Kuogea Baharini. Waandishi wengi wa Kenya husema "jumba la kamari", na mimi napendelea wanavyosema. Neno lao liko wazi. Tena wamechagua jumba, umbo la kukuza, kwa kitu ambacho Mwitaliano alikiita kwa umbo la kudogosha, na ukiyatazama majengo yenyewe jinsi yalivyo utaona kwamba wamesema kweli.

Kuhusu maandishi, andika kasino, kwa "k", bila alama yoyote, na ulitumie kwa ukumbi wenye leseni ya kuchezesha kamari, si kwa kibanda cha kubeti wala kwa kijiwe cha pata potea. Siku hizi watu husema pia "kasino ya mtandaoni", mahali ambapo nyumba yenyewe haipo tena na jina lake tu ndilo lililosalia; usemi huo umeshakubalika na hakuna haja ya kuupinga. Ngeli yake ni I-ZI: kasino hii imefunguliwa, kasino hizi zimefunguliwa. Utasikia wengine wakisema "makasino", na katika mazungumzo si vibaya, lakini katika maandishi rasmi baki na "kasino hizi".